Lundo la Nyuma ya Gesti

Watu wakisimulia mwaka wa vita husimulia mizinga. Mimi nitasimulia maji ya kuoga. Mizinga ilikuwa mbali huko Kyaka, lakini maji ya kuoga nusura yanitoe nyumbani kwangu.

Jina langu ni Eufrazia. Nilikuwa mtunza gesti ya kijiji chetu cha ujamaa huko Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Gesti yenyewe ilikuwa na vyumba sita, kuta za matofali mabichi, na paa la bati ambalo Ndugu Matiasi, mwenyekiti wa kijiji, alilisifu kila mkutano utadhani kalizaa yeye. Mimi nilikaa chumba cha mwisho, karibu na jiko. Nyuma ya jiko palikuwa na shamba langu la migomba, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Lazima niseme kwa nini. Mwaka wa kuhamia vijijini, lori lilikuja kwetu asubuhi na mapema, likanipakia mimi, vyungu vyangu na mbuzi wawili. Mume wangu alikuwa keshafariki. Shamba la migomba nililoachiwa na mama mkwe likabaki limesimama na mikungu yake, halina wa kuliaga. Nililia njia nzima. Dereva akanifariji: "Mama, migomba ipo kila mahali." Mjinga yule! Nyumba mtu anaweza kujenga kwa mwezi mmoja akisaidiwa na majirani, lakini shamba la migomba linalishwa kwa miaka, kwa mavi ya ng'ombe na nyasi na takataka za jikoni, mpaka udongo ukujue. Basi gesti ilipojengwa, nikapewa kazi ya kuitunza kwa kuwa ni mjane na najua kupikia watu wengi, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kuomba machipukizi kwa wenyeji nikayapanda pale nyuma. Mwaka wa vita ndio yalikuwa yametoa mikungu ya kwanza. Nikaapa kwamba hii sitaiacha.

Vita ilipoanza, barabara yetu ilichangamka. Malori ya unga yalipanda kwenda mpakani, watu waliokimbia makwao walishuka na magodoro kichwani, maofisa wakapita na kurudi. Wote walilala kwangu na wote walifika wakiwa wekundu kwa vumbi, nywele mpaka kope. Neno la kwanza la mgeni halikuwa chakula. Lilikuwa, "Mama, maji ya moto yapo?"

Yalikuwapo. Nilitia kuni asubuhi na jioni, mapipa mawili yakitokota kwenye mafiga. Na kuni zilitoka wapi? Siku zile tulipokusanywa familia mia kadhaa mahali pamoja, tulikula miti ya karibu kama mchwa. Ukabaki msitu mmoja tu, ule wa kilimani juu ya chemchemi. Wanawake wa kijiji waliokata kuni za kupikia walikwenda mbali mpaka viatu vinakwisha, lakini gesti, kwa kuwa ni mradi wa kijiji, iliruhusiwa kukata kilimani.

Jirani yangu Bernadetha hakulipenda jambo hilo, na Bernadetha si mtu wa kumeza neno. Alisimama mkutanoni akaninyooshea kidole.

"Gesti ya huyu mama inakula kilima," alisema. "Mgeni anaoga mara moja anakwenda zake Mwanza. Sisi tunabaki na chemchemi iliyokauka. Nendeni mkaione! Mwaka jana ndoo ilijaa kabla hujamaliza salamu. Sasa unasalimia, unauliza habari za watoto, unasengenya kidogo, na ndoo bado."

Watu wakacheka, mimi nikanuna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Ndugu Matiasi akakohoa kikohozi chake cha kiongozi. Alisema Bwana Misitu atakuja kutoka Biharamulo baada ya miezi miwili. Kilima kitafungwa, shoka lisiguse mti. Ikiwa gesti haiwezi kuendeshwa bila kuni za kilimani, basi itafungwa nayo, jengo liwe ghala la mahindi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe una kaka yako Pancras kule Kibimba. Hutakosa pa kukaa, ndugu."

Nilimjua Pancras, na nilimjua zaidi mke wake, mwanamke anayehesabu maharage kabla ya kuyatia chunguni. Lakini si yeye aliyenikosesha raha njiani nikirudi. Nilikuwa nikiiona migomba yangu imesimama tena peke yake, na lori lingine likiwaka.

Sasa nieleze habari ya nyasi. Sakafu ya gesti ilikuwa ya udongo. Ndugu Matiasi alitaka saruji, lakini saruji wakati wa vita ilikuwa ndoto ya mchana. Kwetu mgeni hakanyagishwi vumbi. Anatandikiwa nyasi mbichi chumba kizima, laini, zinanukia. Mwenyekiti aliyaita hayo mambo ya kizamani. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakajinyoosha wakasema aah. Kila Jumamosi nilizifagia nyasi zilizochoka nikazipeleka nyuma, nikazichanganya na mavi mabichi ya ng'ombe na maganda ya ndizi, nikarundika lundo refu kunipita kifua. Hicho ndicho chakula cha migomba.

Mavi nilipewa na Bulugu. Alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mzee mpole mwenye fimbo ndefu, zizi lake bondeni chini ya gesti. Alinipa bure, lakini alinionea huruma. Kila nilipojaza kikapu alitikisa kichwa.

"Mayu," aliniambia, kwa maana hivyo ndivyo wanavyomwita mama, "haya mabichi hayawaki. Subili yakauke."

"Sihitaji yawake, mzee wangu. Ni ya migomba."

"Migomba!" alisema, akacheka peke yake kama mtu aliyesikia nimewapikia mbuzi wali.

Asubuhi moja baada ya ule mkutano, kulikuwa na baridi na ukungu. Nilikwenda nyuma kumwaga maganda, nikaona lundo langu linafuka mvuke. Nilikuwa nimeliona likifuka miaka yote, na mama yangu kabla yangu, na hakuna aliyelijali. Lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa maji ya moto. Nikachomeka mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Yezu wangu! Niliutoa mbio kuliko nilivyouingiza.

Jioni nilichukua mtungi, nikaujaza maji, nikaufunga mdomo kwa jani la mgomba na kigae juu, nikauzika katikati ya lundo. Sikumwambia mtu. Asubuhi nikaufukua. Maji yalikuwa ya moto hasa, ya kuoga mtu mzima mpaka ayapunguze kwa ya baridi. Nilikaa chini pale pale, nikacheka mpaka kuku wakaniogopa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bernadetha. Yeye ndiye aliyekuwa na mitungi mingi, maana alifinyanga mwenyewe. Alinipokea mlangoni kama askari.

"Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kuazima mitungi kumi."

Nilimweleza. Hakuamini. Akaja, akachomeka mkono, akapiga yowe, akaamini. Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi pamoja. Tulijifunza kwamba lundo likiwa kavu linalala, ukilimwagia maji kupita kiasi linakufa, na baada ya siku nyingi linapoa lenyewe. Basi tukawa na mawili: moja linapika maji, jingine linajengwa, lililopoa linakwenda kwenye migomba. Tulilifunika juu kwa nyasi kavu ili joto lisitoke. Mapipa nikayapindua. Kuni zikabaki za chakula tu, na hizo nilitumia magunzi na matawi ya shambani. Kilimani sikupanda tena.

Wageni hawakujua kitu. Waliona maji yanakuja ya moto na moshi hawauoni, wakadhani gesti ya Nyamigogo imeletewa mtambo. Nami nikanyamaza kwa heshima ya mtambo wangu.

Mpaka Malongo alipoamka mapema. Huyu alikuwa dereva wa lori la unga, kijana mwenye maneno na mwenye kujipenda. Alikuwa na kitana kwenye mfuko wa shati hata akilala. Alikuja nyuma kutafuta choo akanikuta nimeinama, navuta mtungi kutoka kwenye lundo, mavi yamenifika mabegani.

Akaangalia mtungi. Akaangalia lundo. Akajinusa mkono.

"Mama Eufrazia! Mara ya nne sasa nalala hapa. Umekuwa ukiniogesha kwa mavi?"

"Nimekuogesha kwa maji. Mavi yapo nje, maji yapo ndani, mdomo umefungwa. Ulipokuwa ukioga maji ya kuni, ulitoka bafuni na majivu mwilini?"

Akafikiri. Akajinusa tena, safari hii kwapani, na nadhani alikuta harufu yake mwenyewe tu, kwa sababu uso ulilainika.

"Ya leo tayari?"

"Tayari."

"Basi nipe. Ila utingo wangu asijue."

Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu. Mdomo wa Malongo ulikuwa na magurudumu zaidi ya lori lake. Majuma mawili hayakupita, madereva wakawa wanafika wakicheka, wakiomba "maji ya zizini", wengine wakipita gesti nyingine njiani ili walale kwangu. Ndugu Matiasi alichukia kidogo, akasema tunakitia kijiji aibu. Bernadetha akamjibu kwamba aibu ni kukausha chemchemi, na kwamba hata yeye mwenyekiti alionekana Jumapili akitoka bafuni kwangu na taulo.

Siku ya Bwana Misitu ikafika. Aliitwa Felisiani, kijana wa miaka kama thelathini, mwembamba, suruali ya kaki, mwenye sauti ya chini. Alinisalimu vizuri: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipanda kilimani na mwenyekiti, akazunguka chemchemi mpaka jua likawa linashuka. Aliporudi alisema kilima kitafungwa, hilo halina mjadala. Kuhusu gesti, alikuwa amesikia maneno ya madereva, lakini yeye haamini maneno ya madereva. Angelala, angeoga, angeona.

Lundo lilikuwa tayari. Mitungi kumi ilikuwa ndani tangu asubuhi. Nilimwacha mgeni akipumzika barazani, nikaingia jikoni kumpikia ndizi na maharage.

Hapo ndipo Bulugu alipokuja kumwamkia mgeni.

Inabidi ujue Wasukuma na moto wao. Jioni, mji wa Msukuma mwenye ng'ombe huwa na shikome, moto wa mavi makavu uwanjani, ambao wanaume huuzunguka wakiongea mambo yao. Mgeni huletwa pale. Mji ambao shikome yake imezimika mgeni akiwapo ni mji wa aibu. Sasa Bulugu, akipita nyuma ya jiko na fimbo yake, aliona lundo kubwa la mavi linafuka kidogo kidogo, halina mtu, na mgeni wa serikali amekaa barazani peke yake kwenye baridi. Maskini mzee wa watu! Aliona aibu yangu akataka kuifunika. Alirudi zizini kwake, akaleta kikapu cha mavi makavu na kaa la moto kwenye kigae. Akalichimba lundo ubavuni, akapanga mavi yake makavu vizuri kama bingwa, akapuliza. Nyasi kavu za juu zikashika. Kisha akaenda kumchukua Bwana Misitu kwa mkono, akaita na madereva wawili waliokuwepo, akawaketisha kwenye magogo.

Mimi niko jikoni nasikia vicheko. Nikajiambia, afadhali, mgeni anafurahi. Halafu nikanusa moshi.

Nilitoka na mwiko mkononi. Lundo langu linawaka! Bwana Misitu ameketi mbele yake, amenyoosha mikono anaota, na Bulugu anasimulia jinsi simba alivyomfuata ng'ombe wake njia nzima kutoka Shinyanga.

"Mzee Bulugu!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Mayu, usijali," akasema kwa upole. "Shikome yako ilikuwa inazimika. Nimekuwashia."

Kabla sijajibu, mtungi wa ubavuni ukapasuka, puu! Mtungi wa maji haukufinyangwa kwa ajili ya ndimi za moto. Maji yakabubujika, yakazima nusu ya moto kwa mlio wa kukaanga, yakamfuata Bwana Misitu miguuni. Aliruka akasimama juu ya gogo na soksi zake. Wa pili ukapasuka. Madereva walicheka mpaka mmoja akaanguka.

Felisiani hakucheka. Aliangalia moto, akaangalia maji.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira, "kwa hiyo ni moto tu. Mmeuhamisha kutoka jikoni mkauleta huku nyuma."

Nilimwona Ndugu Matiasi amesimama pembeni, macho yake tayari yanapima vyumba vyangu kwa magunia ya mahindi. Nikaiona migomba nyuma yao kwenye mwanga wa moto, mikungu ya kwanza imeinama. Machozi yakanijia, na yalikuwa ya hasira.

Bernadetha, aliyekuwa amekuja mbio kwa kelele, ndiye aliyenisukuma. "Upande wa pili, we mwanamke! Moto haujafika upande wa pili!"

Nikatupa mwiko. Nilizunguka lundo, nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono miwili kwenye mavi mabichi, baridi nje, moto ndani, mpaka nikagusa kigae. Nikavuta mtungi mzima, umelowa, umefungwa jani lake.

"Shuka kwenye gogo, mwanangu," nikamwambia Bwana Misitu. "Njoo uguse hapa nilipochimba. Uone kama kuna moto."

Alikuja. Alisita, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono. Alitafuta kaa, hakuna. Alitafuta majivu, hakuna. Aliutoa mkono haraka akaupulizia. Nikalifungua jani. Mvuke ukampanda usoni.

"Haya ni tangu asubuhi," nikasema. "Mzee amewasha moto sasa hivi, nawe ulikuwepo. Chukua ukaoge."

Aliyamimina kwenye ndoo akaenda bafuni. Sisi tukabaki uwanjani kama watu wanaosubiri kura. Bulugu alikuwa ameelewa sasa, ameshika kichwa, anasema kwa lugha yake "Yaya, yaya," akiniomba radhi. Nikamwambia anyamaze tusikie. Kwanza tulisikia maji yanamwagwa. Kisha Bwana Misitu wa wilaya, mtu wa sauti ya chini, akaanza kuimba bafuni, wimbo wa kanisani, ubeti baada ya ubeti, na alipofika mwisho wa maji akauliza kupitia ukuta wa matete, "Mama, umebaki mtungi mwingine?"

Bernadetha alinikumbatia na mavi yangu yote.

Asubuhi, mbele ya mwenyekiti, Felisiani alisema gesti iendelee na kilima kipumzike. Alisema pia moto wa Bulugu usizimwe, ila ujengwe mahali pake, mbali na mitungi. Maana haukuchoma kijiti kimoja cha mti, na yeye Felisiani hajawahi kulala gesti akasimuliwa simba. Tangu hapo kila jioni wageni walipewa maji kwa lundo la nyuma na hadithi kwa shikome ya mbele, na Bulugu akawa kila akipita kwenye lundo anaweka mikono mgongoni kama mtu apitaye karibu na mtoto aliyelala.

Lakini Felisiani hakuwa amemaliza. "Mama Eufrazia," alisema, "nyumba ya wageni ya kule mjini Biharamulo inateketeza miti kuliko hii. Nitaomba uhamishiwe kule. Chumba cha saruji, mshahara mzuri. Lori litakuja kukuchukua."

Alisema kwa wema. Mimi nikasikia lori tu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimeshahamishwa mara moja. Lundo linajengwa popote penye ng'ombe na nyasi; leta watu wao hapa nitawafundisha mpaka wanuke kama mimi. Lakini mimi sitoki." Nikamwonyesha nyuma. "Lundo bila migomba ya kulisha ni uchafu tu. Kama mnataka kuanza, anzeni na migomba."

Akaangalia shamba langu kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda na yeye alikuwa na mama aliyepakiwa kwenye lori.

"Sawa, mama," akasema.

Vita ilikuwa imekwisha lori la kwenda Biharamulo lilipokuja. Dereva alikuwa Malongo, kitana mfukoni. Nilikuwa nimekwisha kung'oa machipukizi usiku wa kuamkia siku hiyo, nimeyafunga kwa kamba za mgomba, na Bernadetha akayapanga nyuma ya gari pamoja na mitungi mipya aliyofinyanga. Bulugu alilipungia lori fimbo mpaka vumbi likalifunika.

Mwaka wa kuhamia vijijini lori lilinichukua mimi likaiacha migomba. Safari hii lilichukua migomba, likaniacha mimi.